Waya Mahali pa Shaba

Wivine alikuwa na kazi ambayo akikueleza asubuhi nzima utaitikia "ndiyo, ndiyo," na jioni utauliza tena ni kazi gani. Basi nikueleze mimi, na unisikilize vizuri maana sirudii. Kila chombo cha umeme kina mdomo na kina sikio. Simu, redio, kompyuta inayokaa ndani ya gari, hata hizi taa za kisasa, vyote vinapayuka hewani bila kuulizwa, na vyote vinasikia mapayuko ya wenzao. Wivine alipima mambo mawili tu. Je, chombo hiki kinawapigia wenzake kelele? Na wenzake wakikipigia kelele, kinatulia au kinashikwa na wazimu? Kampuni za migodi ya Kolwezi zilimletea magari na pampu na mashine za kila namna, naye alivipima kabla havijaingia kazini, au vilipoanza kuleta visirani.

Kazi hiyo haifanyiki mjini. Mji umejaa minara na redio na simu za watu wasionyamaza. Huwezi kusikiliza mbu katikati ya ngoma. Kiwanja chao kilikuwa mbali, upande wa Nzilo, nyuma ya vilima, mahali ambapo simu haishiki hata ukipanda juu ya paa. Na bado ukifika getini unaizima na kuiacha ndani ya sanduku la bati. Mkubwa wake, injinia Tharcisse, alikaa Lubumbashi na kupokea ripoti. Mlinzi alikaa getini na kusinzia. Huku ndani alikuwa Wivine, antena zake, na upepo unaopita kwenye majani makavu. Watu walimwuliza kama haogopi kukaa peke yake hivyo kutwa nzima. Alisema panamfaa.

Na kweli palimfaa, kwa sababu upweke wa kiwanjani haukuwa kitu. Upweke wenyewe ulikuwa ukimngoja mjini, penye watu.

Mumewe, Muteba Sadrack, alikuwa dereva wa benne, yale magari makubwa yanayobeba mawe ya shaba. Siku mvua ya kwanza ya msimu ilipoanza kunyesha, alikuwa akiteremka na mzigo wake kwenye mteremko mrefu wa karieri, lile shimo la wazi la mgodi. Breki zikaachia. Benne ikashuka kama jiwe lililosukumwa, ikapinduka chini kabisa, na Sadrack hakutoka humo akiwa hai. Kampuni ilikuja, ikaangalia vyuma vilivyopondeka, ikasema: breki. Ikatoa jeneza, ikatoa gari la kubebea waombolezaji, ikarudi kazini.

Lakini watu wa Sadrack ni Baluba wa Kasai, wajukuu wa wale walioletwa na treni zamani kuja kuchimba, na wao hawadanganywi na neno moja kama hilo. Breki? Sawa, breki. Lakini benne ngapi zinateremka pale kila siku? Kwa nini ya Sadrack? Kwa nini siku ile? Wakatazamana, wakanong'onezana, na neno likatoka: tshibawu. Maana yake ni hii. Mke akitembea nje ya ndoa, kisha akarudi na kumpikia mumewe bila kukiri, kifo kinaingia na chakula. Dawa yake ni moja: akiri mbele ya familia, amtaje mwanaume aliyekuwa naye, aoshwe kwa maji, ndipo familia ya mume imvue nguo nyeusi. Asipokiri, abaki nazo.

Wivine hakukiri. Angekiri nini, jamani? Hakuwa na hata mtu wa kumsingizia. Na huu ulikuwa mwaka wa tatu anavaa nyeusi na kufunga kitambaa cheusi kichwani.

Usidhani alitukanwa. Afadhali wangemtukana, matusi yana joto lake. Kanisani wanawake wa kwaya walimsogelea wote kwa tabasamu, kisha wakakaa wakiacha nafasi ya mtu mmoja kati yao na yeye. Harusini aliletewa sahani yake peke yake, na kijiko chake peke yake, kama mgonjwa wa kifua. Akisalimia, anajibiwa. Akiuliza, anaelezwa. Lakini hakuna aliyemega bukari, ugali wa huko, kwenye sahani moja naye, na hakuna aliyempa mtoto wake ambebe. "Lisemwalo lipo," walisema mitaani, "kama halipo laja." Mimi methali hiyo siipendi hata kidogo. Imewaua wengi, na walioisema walikwenda kulala.

Najua utaniambia nini. Utasema: mwanamke huyu amesoma umeme, ana mshahara wake, si avue tu hicho kitambaa akitupe? Ebu vua wewe kwanza, nikuone. Wivine alifiwa na mama yake akiwa mdogo, akalelewa Likasi kwa shangazi aliyemhesabu kama kiti cha ziada. Alipoolewa, mama wa Sadrack, Mama Mushiya, alimpokea kwenye uwanja wake wa Musonoi, akaonja bukari yake ya kwanza, akaitemea pembeni. "Mwanangu," alisema, "hii uliyofundishwa Likasi ni uji wa wagonjwa. Kuja nikuonyeshe." Akamshika mikono yote miwili juu ya mwiko, wakasonga pamoja. Wivine hakuwahi kushikwa hivyo. Kwa hiyo alichokitaka hakikuwa nguo ya rangi. Alitaka kukaa tena kwenye uwanja ule, kula kutoka sahani moja na mama yule, na kitu hicho mtu hawezi kujipa mwenyewe. Anapewa.

Na aliyeshika ufunguo alikuwa Barnabé, mdogo wake Sadrack. Baba yao alikwishakufa, kwa hiyo Barnabé ndiye aliyekuwa sasa mwanaume wa nyumba, na mwanaume wa nyumba ndiye anayetoa neno la kumvua mjane. Yeye ndiye aliyesimama siku ya maziko akamwonyesha Wivine kidole mbele ya watu wote. "Siku utasema, utavua," alimwambia. "Kama huseme, utazikwa nayo."

Basi. Siku moja dereva Banza alileta benne kiwanjani.

Banza alikuwa mtu mnene, mcheshi, anayezungumza kabla hajazima injini. "Mama Wivine," alisema akishuka, "hii gari iko na pepo. Mi nimeomba, nimefunga, nimeita ata pasta. Pepo haitoke. Njo maana nimekuletea weye."

"Pepo inafanya nini?"

"Inaachia breki. Haiko siku zote. Juzi mvua ilinyesha, nikafika juu ya muteremuko, nikasema mu redio, nikasikia gari inanipokonya. Nikaishika na breki ya mukono, nikakojoa, mama, sikufiche." Kisha akakumbuka anazungumza na nani, akatazama kile kitambaa cheusi chini ya kofia ya kazi ya Wivine. Gari lilikuwa la aina ile ile, la mwaka ule ule kama la Sadrack.

Wivine alimwambia akakae getini na mlinzi. Wakati wa kipimo hakuna anayebaki karibu. Aliinua magurudumu, akakaza breki ya mteremko, ile inayoongozwa na kompyuta, akaweka kipimo cha nguvu ya breki mahali atakapokiona. Kisha akaielekeza antena kwenye kibanda cha dereva na kuanza kulipigia gari kelele isiyosikika, akipanda polepole kutoka sauti nzito hadi nyembamba. Mshale wa kipimo ulikaa wima, haukutikisika. Akapanda tena. Ulitulia tu. Alianza kufikiri kwamba pepo wa Banza ni usingizi wa Banza. Kisha akafika kwenye mawimbi ya redio za karieri, zile wanazosemeshana madereva, na mshale ukaanguka hadi sifuri.

Akazima. Mshale ukapanda. Akawasha. Ukaanguka. Aliurudia mchezo huo mpaka vidole vikamfa ganzi.

Kwa sababu kuna jambo moja linalojulikana na kila mtu aliyefanya kazi kwenye karieri. Ukifika juu ya mteremko, kabla hujashuka, sheria inakutaka ushike redio useme: benne inateremka, nafasi. Hakuna dereva anayethubutu kushuka kimya. Kwa hiyo Sadrack, mtu wa sheria, mtu anayefunga mkanda hata akisogeza gari uwanjani, alifika pale juu, akabonyeza redio, akajitangaza, na breki zake zikamwachia akiwa bado anasema.

Wivine alikaa chini, hapo hapo kwenye vumbi. Alilia kidogo, kisha akajifuta, akapanda ndani ya gari na tochi kutafuta kwa nini. Benne nyingine za aina hiyo alikuwa amezipima mwenyewe zilipofika mpya, na zilistahimili kelele kubwa kuliko hiyo. Nyuma ya kiti alikuta kisanduku cha kompyuta ya breki, na akaona. Kisanduku hicho kinatakiwa kufungwa kwenye mwili wa gari kwa mkanda wa nyuzi za shaba zilizosukwa kama nywele za msichana. Mafundi wanauita tresi. Kazi yake ni kuyachukua mawimbi ya redio na kuyamwaga kwenye chuma cha gari yasiingie kichwani mwa kompyuta. Hapakuwa na tresi. Palikuwa na waya mwembamba wa chuma, wa kufungia, umekazwa kwa koleo, umeshika kutu, na bado una unyevu wa mvua ya juzi. Ukikauka unasaidia kidogo. Ukilowa unyevu, ni kama haupo.

Alimwita Banza aje. "Tresi ya hapa ilienda wapi?"

Banza alicheka mpaka tumbo likatikisika. "Shaba? Weye mama, shaba inalala mu gari hapa Kolwezi? Ku Kasulo bantu balichimba chini ya vitanda yabo, na weye unaacha shaba wazi nyuma ya kiti! Balikata zamani, bakauzisha. Nani, siyui. Kila gari bilikuwa vile."

"Na huu waya?"

"Ah, ule ni chef Barnabé wa garage. Store haikukuwa na tresi, magari ikakamatwa mu garage. Bakubwa banasema mungoje. Chef Barnabé akasema, kaka yangu hawezi kukaa bila kazi, mi nitaifunga. Akafunga ya Sadrack, akafunga na hii, magaribi moja. Kesho yake tukatoka." Alikuwa bado anacheka. Kisha kicheko kikapungua, akakuna shingo. "Ni mubaya, ule waya?"

"Unaleta kelele mu redio," alisema Wivine. "Nitaandika baubadilishe."

Alichukua tresi mpya kutoka kabati lake, akaifunga, akapima. Mshale haukutikisika hata alipoongeza nguvu maradufu. Siku ile ile alimtumia Tharcisse ripoti: benne zote za aina hii zisimame mpaka kila moja irudishiwe shaba yake. Zikasimama, na shaba ikarudishwa, na kwa upande huo niseme wazi ili usihangaike: hakuna aliyekufa tena kwa jambo hilo. Jina la fundi ripoti haikuuliza, na Wivine hakulitaja. Barnabé mwenyewe aliacha kazi ya garage tangu maziko. Siku hizo alitengeneza jenereta na pikipiki za watu nyumbani kwa mama yake.

Ule waya wa chuma Wivine aliuweka kwenye mkoba.

Na hapo sasa hasira ikaja. Sijui kama umewahi kuonewa miaka kisha ukapewa fimbo mkononi. Alipika hakula. Alilala akaamka akisema peke yake. Sahani ya peke yake, kijiko cha peke yake, ile nafasi ya mtu mmoja kwenye benchi la kwaya, vyote vilimrudia vikiwa na sura ya Barnabé na kidole chake. Wewe uliniita muuaji mbele ya jeneza, alimwambia moyoni. Wewe! Kikulacho ki nguoni mwako, walisema watu kwenye matanga wakimtazama yeye, na kumbe nguo yenyewe ilikuwa nyingine. Alijipangia maneno kama mtu anayekwenda kuhubiri. Atauweka waya miguuni pake. Atasema: uliuliza nani alimuua ndugu yako, tazama, ni mukono wako wa kuume. Kisha atasimama, amngoje amvue.

Jumapili baada ya misa alipanda pikipiki mpaka Musonoi.

Mama Mushiya alikuwa ameketi kwenye kigoda, sinia la sombe, majani ya muhogo, magotini, akichambua. Alikuwa amekonda. Barnabé alikuwa amechuchumaa mbele ya jenereta ya jirani, koleo mkononi. Wivine alisimama palipoanza uwanja, maana mjane ambaye hajaoshwa haingii zaidi ya pale.

"Yambo, mama," alisema.

"Yambo," alijibu mama. Alimtazama, kisha akarudisha macho kwenye majani. "Umekuya kusema?"

"Nimekuya kusema. Nimejua kilichoua Sadrack. Haiko tshibawu, mama. Nimepima gari ya namna moja na yake. Ni—"

"Gari!" Barnabé alisimama. Koleo lilimdondoka. "Unasema gari? Mu kinywa yako weye?"

"Unisikilize kwanza, Barnabé."

"Nimesikiliza miaka mitatu! Weye unisikilize." Alikuja mpaka mbele yake, na kwa karibu Wivine aliona kitu ambacho kwa mbali hakukiona: macho yale yalikuwa mekundu, siyo ya pombe, ya kutolala. "Gari ya kaka yangu, mi ndiye niliitengeneza. Mi! Kwa hii mikono. Bakubwa balisema ingoje, mi nikasema hapana, Sadrack hawezi kushinda chini kama mutoto mugonjwa. Nilimaliza giza inaingia, nikamuita, nikamuambia, kaka, gari yako iko tayari. Akanishika kichwa hivi, akasema aksanti, mudogo wangu. Ile ilikuwa neno ya mwisho aliniambia. Kila mara nalala naiona ile gari. Naifungua mu kichwa, naangalia kila kintu, nut kwa nut. Haiko na kosa. Nilimupa gari muzima. Njo kintu moja tu kinanishika nisijitupe mu karieri: gari ilikuwa muzima. Kama haikuwa gari, basi ni weye. Na kama haiko weye, uniambie ni nani. Uniambie, nitapiga magoti mbele yako, nitakuvua hii nguo na meno yangu."

Wivine alikuwa ameshatia mkono kwenye mkoba. Alikuwa ameushika ule waya. Maneno yote aliyoyapanga yalikuwa tayari mdomoni.

Alimtazama Barnabé, mwanaume mzima, mikono imejaa grisi, anayengoja jibu. Alimtazama mama, ambaye alikuwa ameacha kuchambua sombe na kushika sinia kwa mikono miwili. Na akaona wazi kitakachotokea, hatua kwa hatua, kama anavyoona kipimo kitakwenda wapi kabla mshale haujafika. Atasema, na atakuwa amesema kweli, na atavuliwa. Kisha Barnabé atatoka kwenda karieri, na mama huyu atamzika wa pili. Na yeye Wivine atakaa kwenye uwanja huu, amevaa kitenge kizuri, anakula bukari na mama asiye na mtoto.

Ala, hata mimi ninayekusimulia natamani angesema. Niliwahi kumkasirikia kwa hilo. Lakini mimi sikuulizwa.

Aliuachia ule waya ndani ya mkoba, akautoa mkono mtupu.

"Ni miye," alisema.

Barnabé hakusogea. "Sema tena."

"Ni miye. Tshibawu. Nilitembea inje, nikamupikia Sadrack, sikusema. Nilikuya kutafuta sababu ingine, mu magari, mu mashine, maana haya ilinishika. Sasa nasema."

"Na nani?"

Hapo ndipo alipokwama, maana hakujua kwamba uongo nao una mitihani yake. "Hakunipa jina ya kweli. Alikuwa mupita njia. Alienda zake."

"Alikuwa wa namna gani? Hakuna muntu bila sura. Sema mbele ya mama."

Alitafuta kichwani mwake mwanaume, mwanaume yeyote. Alipitia mafundi wa Lubumbashi, madereva, wanaume wa kanisani, na hakuna aliyemjua zaidi ya salamu. Maisha yake yote alikuwa amemjua mwanaume mmoja tu kwa karibu, na mdomo wake ulipofunguka, ndiye aliyetoka.

"Ni mupole," alisema. "Akirudi amechoka, haseme na muntu mpaka avue viatu. Anasemesha viatu kwanza. Anaziambia, haya, mumefika, mulale. Akilala anakunja sikio yake na kidole, hivi, anaiziba. Kama mutoto. Akishikwa na homa hataki dawa, anataka umushike miguu tu, njo alale. Samaki anaanzia ku mukia. Kichwa hakili, anakuachia ku kando ya sahani, na ukimuuliza anasema hapendi kichwa, na ni uongo, anakipenda kuliko nyama yote." Machozi yalikuwa yanamtiririka na hakuyafuta. "Akicheka sana anashika ukuta. Njo vile alikuwa. Nilimupenda sana. Mungu anajua, nilimupenda sana."

Barnabé hakusikia lolote katika hayo. Alikuwa amesikia neno moja tu, lile la kwanza. Alikaa chini kwenye vumbi kando ya jenereta, akashika kichwa, akaanza kulia kwa sauti.

"Haikukuwa gari," alisema. "Mama, umesikia? Amesema mwenyewe. Haikukuwa gari. Aksanti Mungu, haikukuwa gari."

"Nimesikia," alisema Mama Mushiya. "Simama, baba. Enda ku robine, ulete mayi ya kumuosha. Ndoo mubili. Uchukue ile safi."

Barnabé alisimama, akajipangusa pua kwa mkono wa shati. Alipopita karibu na Wivine alisita, kisha akasema bila kumtazama, "Umefanya muzuri kusema." Akachukua ndoo, akatoka nje ya uwanja, na alikuwa akitembea kwa wepesi kuliko alivyosimama.

Mama Mushiya aliliweka sinia chini. Aliinuka taratibu akishikilia kiuno, akavuka uwanja mpaka pale Wivine aliposimama, akamshika mkono, akamwingiza ndani ya uwanja, akamketisha kwenye kigoda chake mwenyewe. Kisha akazunguka nyuma yake na kuanza kulifungua fundo la kile kitambaa cheusi. Lilikuwa limekazana kwa miaka. Vidole vya mama vilikuwa na ubichi wa sombe, na vilikuwa vinateleza.

"Mama," Wivine alianza, "mi—"

Kiganja cha mama kilimziba mdomo.

"Ule mwanaume mi namujua," alisema Mama Mushiya. "Ni miye nilimuzala."

Fundo lilifunguka, na mama akakivuta kitambaa kutoka kichwani mwake, akakikunja, akakiweka pembeni. Mikono yake ilibaki juu ya nywele za Wivine.

"Ulikuya na neno ingine, nimeona. Usiniambie. Ata siku ya kufa kwangu, usiniambie. Nimebakia na mumoja." Alimpangusa uso kwa upindo wa kitenge chake, kwa nguvu, kama mtu anayemwosha mtoto. "Sasa nyamaza, mwanangu. Anarudi na mayi."